Namna Tulichagua Bafle ya Koko Masika

Nyinyi vijana ya atelier yetu ya kutengeneza radio, aksanti kwa sherehe ya kuniaga. Mulininunulia kitenge nzuri, mukapiga muziki mpaka majirani wakakuja kula bila kuitwa. Bafle ya mukono ya kushoto ilikuwa inakwaruza, lakini nilinyamaza, juu ilikuwa siku yangu na nyama ilikuwa mingi.

Kitu moja tu inanisumbua. Muteja akikuja anataka base kubwa, ile sauti nzito ya chini, mu nyumba yake, nawasikia munamuuliza, "Papa, unataka ya quinze ao ya dix-huit?" Inchi kumi na tano ao kumi na nane, sawa vile anachagua kiatu! Njo sababu naandika hii. Masomo yangu iliishia ku primaire, mwaka ya tatu, kwa hiyo musitafute humu maneno ya kupendeza. Mujukuu wangu Neema, yule anasoma electronique kule Kisangani, na anapita wavulana yote ya darasa yake, mubishe mukitaka, aliniambia: "Koko, andika vile unasemaka." Vile nasemaka ni hivi.

Habari ya pesa sitagusa. Wenye walilipa walilipa, na wengine Mungu iko anawajua kwa majina.

Mimi sikuzaliwa mufundi. Nilikuwa nachoma mikate mbele ya atelier ya Muzee Alidor, hapa Bunia, pembeni ya soko, na mikate ikiisha nilikuwa nasuka wanawake nywele pale pale. Muzee Alidor alikuwa anatengeneza radio na haut-parleur. Nyinyi munajua, lakini mwingine atasoma: bafle ni sanduku, haut-parleur ni ile kitu ya mviringo mu ndani, yenye karatasi mbele na sumaku nyuma. Katikati yake kuko bobine, waya imezungushwa, nyembamba sawa nywele ya mutoto muchanga. Macho ya Muzee ilikuwa imeanza kuchoka. Asubuhi moja waya ilimukatikia tena, akatukana, halafu akaniangalia nikiwa nasuka.

"Mama ya mikate! Kuja hapa. Hii nywele unaweza kuisuka?"

"Nywele ya nani?"

"Ya haut-parleur."

Watu wakacheka. Nikaacha muteja wangu na nusu kichwa, nikaenda. Nilizungusha ile waya mustari pembeni ya mustari, bila kuvuta sana, bila kupandisha moja juu ya ingine, sawa tu kazi ya kichwa. Muzee aliirudisha fasi yake, akawasha, ikaimba. Hakunisifu. Alisema, "Kesho utachoma mikate mapema. Halafu unakuja." Bwana yangu aliposikia alisema mwanamuke hawezi kuchezea moto ya umeme. Nikamuuliza ile ya kuni ni nani alinigawia.

Muzee Alidor hakukuwa na appareil ya kupima. Radi iliiua zamani. Alinifundisha na mwili. Unaweka mikono mbili juu ya karatasi ya haut-parleur, unasukuma polepole, sawa kwa pande zote. Ikikwaruza, bobine imepinda. Unaleta pua nyuma ya sumaku. Bobine yenye iliungua inanuka sawa kucha na ndizi vimeanguka mu moto pamoja, na hata muuzaji aipanguse na marashi, harufu iko pale tu. Unachukua jiwe ya tochi, ile betri, unagusa nyaya, unaangalia karatasi: inatoka mbele ao inarudi nyuma? Mukiweka mbili mu chumba moja na moja inasukuma wakati ingine inavuta, zinakulana base, na muteja anatukana ampli, ile mashine ya kuongeza sauti, yenye haina kosa. Hayo yote munafanya. Lakini Muzee alikuwa na swali moja ya mbele ya yote, na hiyo njo munaruka: "Nani atakaa mbele yake?"

Muzee alikufa kabla ya vita, mu kitanda yake, watoto wake pembeni. Siku ile tulilia. Leo naona alikuwa mutu ya bahati.

Habari ya vita sitaeleza nani alianza. Kila mutu ya Bunia iko na yake, na mimi nilikuwa naongea na watu yote, juu radio ya watu yote ilikuwa inaharibika. Nitasema tu vile tulikuwa tunaishi na masikio. Vile leo mutu anajua simu ya jirani yake ikilia, siye tulikuwa tunajua silaha. Ile ndogo, ya kupasua sawa mahindi ku moto, ulikuwa unaingia chini ya kitanda. Lakini ukisikia "pu" ya nzito, ile ya kuja kutoka vilima, hauulizi mutu. Kila nyumba ilikuwa na matela, godoro, imekunjwa na kufungwa kamba asubuhi, tayari. "Pu" moja, matela ku kichwa, mutoto ku mugongo, unaenda upande wa aéroport fasi ya askari ya Umoja wa Mataifa, wenye kofia ya bluu.

Mu hiyo maisha njo Kambale aliingia mu atelier. Kambale alikuwa mutu ya Butembo, alikuwa anauza misumari na mabati Bunia. Akakaa juu ya bafle yenye imekufa.

"Mama Lotsove, nataka sinema mu salon yangu, pale tunakaa na wageni. Na base ya kutingisha mwili."

"Papa Kambale, watu wanakimbia, weye unanunua sinema?"

"Si ya mimi. Ni ya mama."

Mama yake, Koko Masika, alikuja Bunia kusalimia wajukuu, na vita ikafunga barabara nyuma yake. Kisha bomu ikaanguka nyuma ya ukuta ya parcelle, kiwanja ya nyumba. Haikumuumiza fasi yoyote, lakini masikio yake ilikufa siku ile. Na huyu mama alikuwa mukubwa ya chorale, kwaya ya wanawake ya kanisa kule kwao.

"Anasema tulimuzika na macho wazi," Kambale akaniambia. "Anaona midomo inafunguka, hakuna kitu. Hakule. Sasa anataka kurudi Butembo na camion ya siku ya ine, Alhamisi."

"Na barabara?"

"Camion ya mwisho ilirudi, Mama. Dereva alirudi. Abiria hawakurudi."

Waya nilikuwa nazungusha niliiweka chini.

"Nimemukataza, anasema ataenda kwa miguu. Lakini juzi aliweka mukono juu ya radio ya watoto. Akasema, 'Hii iko inapiga.' Akaacha mukono pale muda murefu. Njo nikafikiri: kama radio ndogo inamugusa mukono, kitu kubwa itamugusa yeye muzima. Tutakaa naye mu salon, tutaangalia chorale, tutaangalia sinema, hatakuwa tena peke yake."

Mwanaume anayefikiri hivyo juu ya mama yake, utamufanyia nini? Nilichukua vyombo vyangu nikamufuata.

Alikuwa amenunua haut-parleur tayari. Dix-huit mbili, kutoka bar moja yenye mwenyewe alikimbia, na sumaku nzito sawa jiwe ya kusagia. Nilisukuma karatasi. Ilikuwa ngumu, haiendi mbele haiendi nyuma. Pembeni hapakukuwa mupira, ni kitambaa tu imekauka na kole, gundi.

"Papa, hizi ni za bar. Zilitengenezwa kupiga nje, watu mia wakicheza na pombe."

"Kubwa ni kubwa, Mama. Mama yangu hasikie. Nitamuletea kadogo?"

Haut-parleur ilikuwa yake. Tuliziweka mu bafle zao za bar, moja kila pembe. Koko Masika alikuwa amekaa ku meza, anaangalia ukuta. Mama mufupi, mikono mikubwa ya shamba. Mama Kavira, muke ya Kambale, alimugusa bega na kumuonyesha televisheni. Kambale akawasha groupe, ile jenereta ya umeme, akaweka cassette ya chorale ya Butembo. Ilikuwa saa sita ya muchana, jua kali. Nikafungua ampli kidogo tu.

Mutu ya ngoma mu cassette akanyanyua fimbo.

PU.

Kikombe ikaruka ku meza. PU. PU.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika button ya ile kelele, na miguu yangu ilitaka kukimbia. Inje, kartie yote, mutaa muzima, ikaondoka. Niliona matela inapita juu ya ukuta ya parcelle, moja nyuma ya ingine, sawa ni zenyewe zinatembea. Mama Furaha, jirani ya pembeni, alivuta mbuzi wake mpaka ku barabara kubwa, njo akakumbuka aliacha bwana yake mu douche. Yule bwana alitoka na sabuni ku kichwa na taulo moja, anaita, "Furaha! Ningojee! Furaha!" Pasta alipita na nyungu ya maharagi mikononi, inachemuka bado.

Nikazima. Tukageuka. Kiti ya Koko Masika ilikuwa wazi. Alikuwa chini ya meza, ameshika kichwa na mikono mbili.

Mama Kavira alimutosha pale chini polepole. Koko hakulia. Hakutuangalia. Alienda mu chumba, akarudi na kitenge, akaanza kufunga nguo zake pale mbele yetu. Akasema na ile sauti kubwa ya mutu asiyejisikia:

"Siku ya ine naenda. Kule barabarani bomu iko inje. Nyinyi munaniletea mu salon."

Kambale akaenda kuzima groupe.

Kabla hatujapumua, commandant ya wenye walikuwa wanashika mji ile wiki akaingia na watu yake, bunduki mbele.

"Silaha iko wapi?"

"Ni muziki, mukubwa," nikasema.

"Mama, usinifanye mujinga. Mimi najua muziki."

Nilimuonyesha. Alizunguka bafle, akainama, akaingiza bunduki mu tundu ya hewa kuona kama kuko mutu. Akatuambia kuwasha. Tukawasha, PU moja, na askari wake wawili wakalala chini mu vumbi ya mulango. Wengine wakataka kucheka, wakaogopa. Commandant alikuwa jasho.

"Hii kitu nikiisikia tena, nachoma yenyewe na nyumba. Munaelewa?"

Tulielewa vizuri.

Nilirudi atelier. Kulikuwa tu na kesho, halafu siku ya ine. Nilikaa mbele ya haut-parleur zote tulikuwa nazo, nikajiuliza ile swali ya Muzee Alidor: nani atakaa mbele yake? Mama yenye bomu ilimuchukulia masikio. Mama yenye maisha yake yote alikuwa anasimama pembeni ya ngoma ya kanisa. Sasa ngoma na bomu, vyote ni base. Tofauti yao iko wapi?

Nilienda ku kanisa, nikafunga masikio na pamba na juu yake mikono, nikamuambia Papa diacre, shemasi yetu, apige ngoma kubwa.

"Mama Lotsove, weye uko muzima?"

"Piga tu."

Akapiga. Sikusikia, lakini ilinikuja kutoka chini, ku benchi, ku miguu, ikapanda na ikakaa ndani yangu kidogo kabla ya kutoka. Bomu haifanyi hivyo. Bomu inakupiga ku kifua halafu inakuacha na woga. Dix-huit ya bar, na karatasi yake ngumu, ilikuwa imetengenezwa kupiga ku kifua. Siye tulihitaji ya kwenda mbali mbele na mbali nyuma, bila haraka: karatasi nzito, mupira munene, yenye kulegea. Na haikuomba kelele. Iliomba fasi ya kupitia tu.

Sasa muitafute mu mji yenye inakimbia. Wakati ile watu yote ya Bunia walikuwa wanataka haut-parleur ya kulia mpaka kartie ya pili. Yenye kulegea hakuna aliyekuwa anainunua. Nilizunguka soko mpaka jua ikapinda. Na wapi niliiona? Kwa Mama Bahati, muuza samaki. Alikuwa na haut-parleur mbili ya douze, inchi kumi na mbili, zimekaa juu ya plastiki ya kufunika samaki, ili upepo usiibebe.

"Hizi ulitosha wapi?"

"Zilikuja na samaki, mu mutumbwi, kutoka Mahagi-Port ku ziwa. Mutu aliniachia. Alisema ni za nyumba ya tajiri mumoja ya ngambo. Mimi naona tu ni nzito."

Niliweka mikono. Karatasi ilishuka sawa kidole mu bugali ya moto, na nilipoondoa mikono ikarudi polepole, bila kukwaruza. Mupira munene sawa mudomo ya ng'ombe. Niliinusa nyuma.

"Unanusa nini?" Mama Bahati akauliza. "Ni samaki tu hapa."

Kweli, ilikuwa samaki tu. Haikuungua.

"Nipatie, nitakuletea mawe mawili ya kuweka juu ya plastiki, na radio yako nitaitengeneza."

"Mawe makubwa?"

"Makubwa."

"Beba."

Mbao ilikuwa kwa mutu mumoja tu, seremala ya masanduku ya wafu. Wakati ile kazi haikumukosa. Nilimuambia nataka sanduku moja fupi ya haut-parleur zote mbili, ya kufungwa pande zote, bila tundu hata moja, juu hewa iliyofungwa mu ndani njo inarudisha karatasi kwa upole.

"Ni ya mutoto?" akaniuliza kwa huruma.

"Ni ya muziki."

Aliniangalia sana, halafu akafanya kazi safi, kole na unga ya mbao mu kila kiungo. Ndani tulijaza sufi ya matela ya zamani. Na nilimuomba kitu ingine: mbao ndefu za kupigilia sawa kitanda ya chini, ya kukaa juu ya sima, ile saruji ya chini, mu salon ya Kambale. Sima haitingishike, hata mukilia. Mbao inabeba. Tukalaza bafle chini ya zile mbao, mudomo yake ikitazama juu, na kiti ya Koko ikawa juu.

Siku ya ine, asubuhi, kabla ya kugusa button, nilizunguka kartie, mulango kwa mulango. "Tutapiga muziki. Si bomu. Musikimbie." Mama Furaha alisema sawa, lakini alisimama ku mulango yake na matela ku kichwa, na safari hii alikuwa ameshika bwana yake mukono. Nilienda kumuita commandant pia. Afazali asikie na ruhusa kuliko asikie bila ruhusa. Alisimama mu barabara, mikono ku kiuno.

"Haya, washa."

"Iko inawaka, mukubwa."

"Uongo."

Aliingia, akaweka buti yake juu ya mbao. Uso yake ikabadilika. Akatosha mguu haraka, sawa aliingia mu maji bila kujua, akaurudisha tena. "Hm," akasema. Akaenda bila neno ya kuchoma nyumba.

Ilibaki mwenyewe. Koko Masika alikuwa amevaa nguo ya safari, mafungo yake ya nguo mukononi, na hakutaka hata kuangalia salon. Mama Kavira njo aliokoa siku. Alileta maji ya moto na mafuta, akamuonyesha miguu: safari ni ndefu, acha nikuoshe. Hiyo kitu, mama hakatae kwa mukwe wake. Akakaa ku kiti, mafungo ku magoti, akavuliwa viatu, akaoshwa, akapakwa mafuta. Mama Kavira akashusha ile miguu polepole, mitupu, juu ya mbao. Nikafungua ampli, kidogo, halafu kidogo.

Ku televisheni wanawake ya chorale walikuwa wanayumba. Koko alikuwa anaangalia mulango. Kisha akaangalia chini, sawa panya imemupita ku miguu. Akanyanyua mguu moja. Akaurudisha. Akaangalia televisheni, fimbo ya mupiga ngoma inashuka, akaangalia miguu yake, fimbo inashuka tena. Mimi nilikuwa nimefunga jicho moja.

Kisigino ya Koko ikaanza. Polepole, nyuma kidogo ya ngoma, halafu pamoja na ngoma. Mafungo ikateleza ku magoti, ikaanguka, hakuiokota. Na akaimba. Watoto, sitadanganya, alikuwa anaimba vibaya! Mutu asiyejisikia, sauti inaenda upande yake, kubwa, ya kupasua. Lakini fasi ya kuingia aliijua, fasi ya kunyamaza aliijua. Ku ukuta nikasikia Mama Furaha anamuambia bwana yake, "Bafle sisikie. Ni huyu mama sasa ataleta askari." Akashusha matela, akaikalia.

Pale njo camion ya Butembo ilisimama ku mulango na kupiga honi. Siye yote tulisikia. Yeye hapana. Kambale aliniangalia, nikamuambia, "Ni mama yako, muulize." Akapanda juu ya mbao na viatu yake, akasimama mbele yake, akamuonyesha barabara na mukono: gari imefika, unaenda?

Koko Masika akamusukuma tumbo na mukono yake kubwa ya shamba.

"Toka ku mbao yangu! Miguu yako inaharibu wimbo."

Kambale alishuka. Alienda mbio kumuambia dereva asingojee, na nilimusikia kule inje anacheka na kulia pamoja, sawa mutu anakohoa.